Viganja Kwenye Bodi

Haisi ya ndugu watatu wa bendi ilikuwa imeegeshwa nyuma ya kituo, ubavu wa kushoto ukielekea ukuta, na ndiyo maana tangu Jumamosi hakuna askari aliyejisumbua kuutazama ubavu huo. Jumatatu asubuhi Inspekta Irine Lemomo alijipenyeza hapo katikati, tumbo ndani, vifungo vya koti vikikwaruza matofali. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mkavu wa maneno, na kituoni walimtania kwamba hata chai huihoji kwanza kabla ya kuinywa.

Kwa mtu mwenye haraka zake, kesi yenyewe ilikuwa imekwisha. Jumamosi jioni, kabla jua halijazama, bendi iitwayo Migomba Mitatu ilimaliza onyesho kwenye ukumbi mmoja wa Kijenge. Walipokuwa wakirudisha gari nyuma ili watoke uani, lilimpanda mlinzi wa ukumbi, mzee Meitamei, na mzee akakata roho njiani akipelekwa hospitali. Elisaria, kaka mkubwa na mpiga besi wa bendi, alinyoosha mikono mwenyewe akasema ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Ingebaki kesi ya trafiki, ila majirani walisema Elisaria na mzee walitupiana maneno mchana wa siku ile ile, na ajali yenye ugomvi nyuma yake huletwa kwa wapelelezi. Mkuu wa Irine alitaka jalada lifike mahakamani kesho. Mtuhumiwa amekiri, alisema, mbuzi keshajilaza mwenyewe na wewe bado unatafuta kamba.

Irine hakuwaamini mbuzi wanaojilaza. Katika kazi hii mkosaji wa kweli hubisha kwanza, hulia, humtaja shetani, ndipo akiri. Huyu alikiri kabla hajaulizwa jina.

Ubavuni mwa gari ilichorwa migomba mitatu inayotoka shina moja, na chini yake yakaandikwa maneno BENDI YA ROKI, NKOARANGA. Vumbi la barabara ya Mbulu, walikotoka kupiga wiki iliyopita, lilikuwa bado limeukalia mchoro. Na katika vumbi hilo, karibu na mlango wa nyuma, kulikuwa na alama za viganja. Vilikuwa vingi, vimepandana, vya mkono mmoja mdogo, na bati lilikuwa limebonyea pale vilipopiga.

Akamwita Konstebo Ndesanjo, yule aliyelileta gari kituoni siku ya ajali. Ndesanjo alikuwa kijana mrefu wa kugonga vizingiti. Akaapa kwamba hakuziona alama hizo, akajitetea kuwa hata kulileta gari kulimtoa jasho, maana njia nzima magoti yalikuwa yakigombana na usukani. Irine akamwuliza kwa nini hakukisogeza kiti nyuma.

"Hakisogei, afande. Kimefungwa kwa mpira wa tairi huko chini. Ukitaka kukisogeza, ulale kifudifudi na kisu."

Irine akaingia kujionea. Kiti kilikuwa mbele kabisa, mpira umekazwa na fundo lake limezeeka. Yeye mwenyewe, na ufupi wake, alikaa hapo bila taabu. Akaikamata breki ya mkono ikalegea mkononi mwake. Akatafuta redio, akakuta tundu tupu lenye nyaya mbili zilizokatika, na buibui alikuwa ameshajenga humo.

Elisaria aliletwa kutoka mahabusu akiwa ameinamisha kichwa ili apite mlangoni. Kwa urefu hakuachana na Ndesanjo hata kidole. Irine alilitazama umbo hilo likikunjika kwenye benchi, akamwekea mbele karatasi ya maelezo ya onyo aliyoyaandikisha.

"Hapa umesema redio ilikuwa juu, ndiyo maana hukusikia mtu akikuita. Ni maneno yako?"

"Ni yangu, afande."

"Redio ya gari gani?"

Elisaria akainamia mikono yake. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala tangu Ijumaa, ndevu zimeota ovyo, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa na sugu za nyuzi. Nje magari ya asubuhi yalikuwa yakipiga honi kuelekea Ngarenaro, na dirisha la chumba kile lilikuwa juu mno, mtu aliyekaa haoni kitu ila kipande cha ukuta wa jirani. Baada ya kitambo Elisaria akainua shingo.

"Simu yako inatetemeka, afande. Chumba cha pili."

Irine hakuwa amesikia chochote. Akamtuma Ndesanjo, naye akarudi na simu aliyoitoa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa ndani ya droo. Kweli ilikuwa inaita.

"Una masikio," Irine alisema.

"Ndiyo yanayonilisha."

"Basi nieleze. Mtu mwenye masikio hayo amegongewa bodi mpaka bati likabonyea, na bado akaendelea kurudi nyuma."

Hapo Elisaria akabadilika. Akasema aandikiwe hasira. Aandikiwe kwamba mzee alimkera mchana, akaona giza, akakanyaga mafuta. Aandikiwe lolote, kesho atasimama mbele ya hakimu aseme ndiyo, mradi jambo liishe. Irine akamkumbusha kuwa hasira ikiandikwa pale haibaki tena ajali, inaitwa mauaji, na mauaji yana kamba mwishoni. Elisaria akasema anajua.

"Ila usipande Nkoaranga, afande. Nakuomba. Mama yangu ana presha."

Ewe Elisaria! Irine alikuwa hajasema popote kwamba atapanda Nkoaranga. Akafunga jalada, akamwambia Ndesanjo awashe gari, lakini kwanza wapitie Kijenge.

Mwenye ukumbi alikuwa Bi Sharda, mjane wa Kihindu ambaye familia yake ilikuwa na duka la vyuma mjini hapo tangu enzi za babu wa mumewe. Aliishi ghorofani, juu ya ukumbi wenyewe, na dirisha la jiko lake lilitazama uani. Irine alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba na kuwekewa chai ya tangawizi hata kabla hajakaa. Bi Sharda alikuwa amevaa nyeupe, rangi ya msiba kwao. Meitamei alimlindia geti lake kwa muda mrefu kuliko alivyoishi na marehemu mumewe, alisema, na hakuna mtu kituoni aliyemwuliza hata swali moja.

Irine akaanza na ugomvi. Bi Sharda akacheka kwa uchungu. Ugomvi ule ulikuwa wa mahali pa kuegesha, na ulikwisha mezani kwake, kwa chai hiyo hiyo na maandazi, mzee na Elisaria wakitaniana kuhusu nani kati ya Wamaasai na Wameru aliiba ng'ombe wa mwenzake zamani. Watoto wale walimpenda mzee. Gari lao halikuwa na breki ya mkono, huwa wanaweka jiwe nyuma ya gurudumu, na kila wanapotoka ni mzee Meitamei aliyeinama kuliondoa.

Irine akaweka kikombe chini. Ugomvi ulikuwa umekufa, na mzee alikuwa ameinama nyuma ya gari kwa kazi inayojulikana na wote watatu.

"Ulisikia nini, mama?"

"Nilisikia yule binti wa bendi akigonga bodi. Na kupiga kelele, simama, simama, mpaka sauti ikamkatika. Mimi huku juu nimesikia, jiko linawaka, maji yanachemka, nimesikia. Aliyekuwa ndani ya gari hakusikia?"

Irine akamwuliza kuhusu kugonga. Bi Sharda akaeleza kama mtu anayemfundisha mtoto. Anaujua utaratibu wao, wamepiga kwake mara nyingi. Hawana meneja wala promota, kila kitu hufanya wao: wanabandika mabango wenyewe, wanabeba spika wenyewe, na mmoja akirudisha gari mwingine anasimama ubavuni akimwongoza kwa mkono. Kofi moja kwenye bodi ni simama. Makofi mengi ya haraka ni rudi tu, njia nyeupe. Siku ile binti aligonga mengi. Alichanganyikiwa, maskini.

"Halafu?"

Halafu alisikia gari likisogea mbele, alisema. Na kilichomsumbua hadi leo ni hiki. Alipokuwa anateremka ngazi mbio, alipishana mlangoni na yule mdogo, Fredi, mpiga ngoma, anaingia ukumbini kuchukua kiti chake cha ngoma alichosahau. Alikuwa anapiga mluzi. Dada yake analia nje, mzee yuko chini, na yeye anapiga mluzi na kumpa shikamoo.

Irine aliomba aonyeshwe ukumbi. Jukwaa lilikuwa bado kama lilivyoachwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifagia. Alama za vyombo zilionekana kwenye mbao. Pale spika kubwa ya besi ilipokaa palikuwa nyuma kabisa, imetazama kiti cha mpiga ngoma, karibu kukigusa. Bi Sharda akasema hilo limemshinda kuelewa, kila mara watu hulalamika besi haisikiki mbele, na Elisaria kila mara huwajibu kwamba ndivyo wanavyopenda wao. Irine akasimama pale palipokuwa na kiti, akakanyaga mbao mara mbili tatu kwa kisigino.

Barabara ya kwenda Nkoaranga inaacha lami chini na kupanda mlima katikati ya migomba, na kadiri unavyopanda ndivyo majani yanavyokufunika mpaka unasahau kama kuna anga. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha utelezi. Waliacha gari karibu na hospitali, wakamalizia kwa miguu kwenye njia ambayo upande mmoja ni ukingo na mwingine ni mfereji.

Fredi alikuwa shambani, anapogoa kahawa, mgongo kwa njia. Alikuwa mfupi, mkakamavu, mkasi mkononi. Irine alipiga hodi. Akapiga tena. Akamwita kwa jina kutoka hatua chache, kwa sauti ya kipolisi, na mkasi ukaendelea kukata. Mlangoni mwa nyumba akatokea msichana mwenye mkono wa kulia uliofungwa kitambaa. Huyo alikuwa Magdalena, wa katikati, anayeimba. Aliwaona, akaokota kokoto, akairusha ikaangukia mbele ya miguu ya kaka yake. Aliifanya bila kufikiri, na alipokwisha kuifanya akamtazama Irine na uso ukamwiva.

Fredi akageuka, akatabasamu, akaja kuamkia. Macho yake hayakutoka kwenye midomo ya Irine. Irine akampa pole, akamwuliza habari za Jumamosi, naye akajibu vizuri tu. Alisema yeye ndiye aliyeanza kurudisha gari, akahisi amegusa ngazi ya saruji kidogo, Elisaria akaja mbio akamteremsha na kumkumbusha kiti cha ngoma. Alipotoka ndani akakuta kaka yake kwenye usukani na mzee yuko chini. Hakwenda kumwona kituoni. Chakula hajampelekea.

"Alikuwa na hasira," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Tumekaa kwenye gari moja miaka sita, namjua akiwa na hasira. Kamuua mzee wa watu. Bendi basi, mimi nimemaliza."

Irine akaleta leso mdomoni kama anayetaka kukohoa, na nyuma ya leso akamwuliza mama yuko wapi.

"Kahawa?" Fredi alijibu. "Mwaka huu si mbaya, afande."

Magdalena alifumba macho. Irine akamwambia Fredi aendelee na kazi yake, akamwomba dada mtu wakae barazani waongee kidogo. Kulikuwa na meza ya mbao na viti viwili. Irine akachagua kile kinacholipa shamba mgongo. Magdalena akabakiwa na kile kinachotazama kahawa.

Mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri na wanawake wenzake wa usharika wa kanisa kwenda msibani kwa mzee Meitamei, amebeba jani la isale, lile linaloombewa msamaha huku milimani, ili amwombee Elisaria.

"Anamwombea mtoto ambaye siye aliyeendesha," Irine alisema. "Kiti kile Elisaria hawezi kukikalia akaendesha. Alikaa hapo dakika moja, magoti kifuani, kulitoa gari juu ya mzee. Wewe ulikuwa nje, unagonga bodi. Amebaki nani?"

Magdalena hakubisha, na wala hakulia. Alizungumza taratibu, kila neno likitoka kama limesubiri muda mrefu. Masikio ya Fredi yalianza kufa mwaka juzi, alisema. Elisaria ndiye aliyegundua, kwa sababu Fredi aliacha kumgombeza besi ikilegea. Wakaigeuza spika ili aipokee besi kwa mgongo. Yeye Magdalena akaanza kuimba akiwa amemgeukia, watu wakidhani ni mbwembwe. Fredi alificha, nao wakaficha kwamba wanajua anaficha. Hilo waliliweza Babati, wakaliweza Singida, wakaliweza Korogwe, katika gari ambalo mtu akijigeuza usingizini anamgusa mwenzake.

"Na ufunguo mkampa?"

"Ukimnyima ufunguo umemwambia, afande. Angejua tunajua. Angeondoka. Na sisi watatu hakuna anayejua kazi nyingine." Akautazama mkono wake uliofungwa. "Unaona ni upumbavu. Ulale na watu miaka sita, ule nao sahani moja, uone kama utapata pa kuanzia kusema neno kama hilo."

Siku ile Elisaria alikuwa getini. Alipofika, mzee alikuwa ameshakandamizwa, naye Fredi yuko kwenye usukani, hajui kitu, anauliza kama ametoka vizuri. Kaka yao aliamua pale pale. Hakumwuliza mtu. Tangu Jumamosi Magdalena anamsikia Fredi akimtukana Elisaria ndani ya nyumba hii, na inabidi aipokee sahani yake akaioshe kama hajasikia.

Irine akamwambia waziwazi yaliyopo. Kesho Elisaria atasema ndiyo mbele ya hakimu, na amekwisha kujibebesha hasira ambayo hakuwa nayo. Hii ilikuwa ajali. Yeye Irine akiandika ukweli, inabaki ajali, na watu watatu watapumua. Akiandika uongo, mmoja hatatoka.

"Bi Sharda alinipa methali leo," alidanganya; Bi Sharda hakumpa methali yoyote. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Basi mwambie wewe. Mimi sina mdomo huo."

Nyuma ya Irine mkasi ulikuwa umeacha kukata, na umeacha muda mrefu. Magdalena ndiye aliyeona kwanza. Macho yake yalipita juu ya bega la Irine, mkono ukamwenda mdomoni, umechelewa.

Fredi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa baraza, majani ya kahawa nyweleni. Alikuwa anatazama midomo ya dada yake.

"Nimeona," alisema. "Yote."

Magdalena akamgeukia Irine. "Ulikaa hapo makusudi."

Irine alifungua jalada akatafuta karatasi safi. Kalamu ilimponyoka mara moja, Ndesanjo akamwokotea.

Fredi akavuta gogo la kukalia, akaketi, akaweka viwiko mezani. Halafu akamsemesha dada yake, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, hakuweza tena kuipima.

"Nilihisi bodi ikitetemeka, Lena. Nilikuhisi unagonga. Makofi mengi." Akaupigapiga ubao polepole kwa vidole. "Mengi ni rudi, njia nyeupe. Nikarudi."

Magdalena alimtazama kama hamjui. Kisha akautazama mkono wake, ule uliovimba kwa kugonga, na hapo ndipo alipolia. Tangu Jumamosi alijua ndugu yake hakumsikia. Hakuwa amejua kwamba alimsikia hivyo.

Fredi akamgeukia Irine. Akasema jina lake kamili, Frederick, na umri wake, na kabila, kama mtu anayejua mpangilio wa maelezo ya polisi. Magdalena akainua mkono uliofungwa, akaupiga juu ya meza. Kofi moja.

Mbao zilitetemeka chini ya viwiko vya Fredi. Akanyamaza, akaitazama meza, kisha dada yake. Akaufunika mkono ule kwa mkono wake.

"Hiyo ni simama," alisema. "Nimeipata."

Halafu akarudisha macho kwenye midomo ya Irine.

"Andika, afande. Aliyekuwa kwenye usukani ni mimi."